Ushuhuda wa Zulekha

Kulia nako kumbe kunafundishwa. Dakta Candida alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi, mkoba begani, akimwangalia Ridhiwani akiwafundisha watoto wa watu namna ya kulia.

"Ukifika kwenye neno marehemu, tulia," Ridhiwani alisema. "Hesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu. Angalia chini. Halafu ndiyo unaendelea. Chozi likija usilifute haraka, mwache mpiga picha afanye kazi yake. Sawa, Brightness?"

"Sawa, kaka."

"Na hizo hereni vua. Yatima gani anavaa hereni za namna hiyo?"

Candida alihisi chapati ya asubuhi ikimpanda kooni, akaimeza tena. Ilikuwa Ijumaa mchana, katika ukumbi wa kukodi jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja. Kesho yake ndiyo ilikuwa Siku ya Ushuhuda, ambapo wanafunzi wanne waliomaliza kidato cha sita wangesimama mbele ya wafadhili, waeleze walivyoteseka, kisha watangaziwe kwamba watasomeshwa chuo kikuu bure. Viti mia mbili vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe vyenye mafundo makubwa nyuma. Ungedhani kuna harusi.

Miaka kumi na moja nyuma, Candida alipouanzisha Mpango wa Ngazi, hapakuwa na viti vya kuvishwa nguo. Palikuwa na chumba kimoja Gerezani, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ambako mwalimu wa hesabu alilazimika kunyamaza kila grinda ilipolia. Mwenyewe alizaliwa Kariakoo, binti wa Mzee Severine, Mchaga wa Kibosho aliyeuza misumari na bawaba na kufunga duka siku za aina mbili tu, Jumapili na siku ya kuzika. Kwa hiyo aliwajua watoto wa sokoni na alijua wanakokwama. Hawakwami kwenye akili. Wanakwama kwenye fomu. Dirisha la maombi ya chuo linafunguliwa hawajui, linafungwa hawajui. Cheti cha kuzaliwa kina jina moja, cha shule kina jingine. Mzazi naye akisikia kuna mkopo wa serikali, anadhani siku moja watakuja kumbebea friji. Basi kila Jumamosi Candida aliwakalisha, akawafundisha, akawasimamia mpaka fomu ya mwisho. Chuo alichofundisha kilimpa barua ya kuutambua mpango huo na mhuri wa mpira. Zaidi ya hapo hakikutoa hata chaki.

Halafu mafanikio yakaja, na mafanikio yana nzi wake. Watoto mia moja na ushei walipokuwa wameshaingia vyuoni, Profesa Elimringi, naibu mkuu wa chuo, ambaye chumba cha Gerezani hakukijua hata kwa ramani, alianza kusema "mpango wetu". Akaleta mfuko mmoja wa ufadhili. Mfuko ukaleta sharti lake: wanafunzi wanne kila mwaka watalipiwa kila kitu mpaka wamalize, mradi wawe yatima. Profesa akamleta na Ridhiwani, afisa habari wa suruali za kubana, na kazi ya kwanza ya Ridhiwani ikawa kuwafuta wazazi kwenye sherehe. Zamani kila mzazi alisimama mbele ya watu, akamshika mwanawe mkono, akasema kwa kinywa chake kwamba huyu ni wangu na leo nimemkabidhi. Ridhiwani alisema mwaka uliopita mzee mmoja alikuja na saa inayong'aa kuliko ya mgeni rasmi. "Sasa Dakta, hapo tutaombaje msaada?"

Candida alikubali. Paa la Gerezani lilikuwa linavuja na mfuko ulikuwa na hela ya mabati. Mwenye shida hachagui, na yeye hakuchagua.

"Haya, Zulekha!" Ridhiwani alipiga makofi. "Wewe ndiye wa mwisho. Wewe ndiye wa kuwamaliza kabisa."

Zulekha Bakili alipanda jukwaani akirekebisha ushungi. Alikuwa msichana mwembamba wa maneno machache, divisheni wani ya pointi nne, na jina lake lilikuwa limeshatoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kusomea udaktari. Akafungua karatasi.

"Naitwa Zulekha. Baba yangu, Bakili, alikuwa muuza viatu vya mitumba pale Mchikichini. Nilipokuwa kidato cha pili aliugua kifua. Tulimpeleka hospitali, lakini Mungu..."

"Acha!" Candida alishtukia amepaza sauti. "Baba yako amekufa lini?"

Wazazi wa wale wengine Candida hakuwahi kuonana nao, lakini Bakili alimfahamu kama anavyoifahamu njia ya nyumbani. Kwa miaka minne mtu yule wa Newala hakukosa hata mwezi mmoja kuja kuuliza maendeleo ya binti yake. Viatu alivyovaa Candida saa ile alikuwa amevinunua kwake wiki mbili zilizopita, na Bakili alimpunguzia bei bila kuombwa.

Ridhiwani alimvuta pembeni, akamwonyesha karatasi. Ilikuwa fomu ya Zulekha ya mfuko. Hali ya wazazi: baba amefariki. Imethibitishwa na kiongozi wa mpango. Chini yake kulikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa ya Candida. Akakumbuka. Mwezi uliopita alisaini rundo la karatasi juu ya boneti ya gari, simu ikiwa sikioni, akigombana na mwenye ukumbi huu huu. Hakusoma hata moja. Yeye, aliyewaambia watoto miaka kumi na moja kwamba wasisaini wasichokisoma.

"Nani ameandika huu uchafu?"

"Tumeandika ofisini. Dakta, sikiliza kwanza. Yatima wa kweli mwenye wani mwaka huu ni mmoja, Benjamini. Nafasi ni nne. Turudishe tatu? Hawa wengine wana akili na wazazi wao hawana kitu. Mfuko wenyewe ndio wenye sharti la kijinga."

Kilichomtia kinyaa Candida ni kwamba maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Alimpigia simu Profesa Elimringi, naye akacheka cheko la watu wanene wa heshima. "Mama Candida, uchungu wa nini? Hajafa kweli, amekufa kwenye karatasi tu. Usituharibie."

Zulekha alimfuata mlangoni, macho mekundu tayari. "Madam, naomba usinitoe. Baba hata akiuza meza na viatu vyote, ada ya mwaka mmoja haipati."

"Na mkopo wa serikali? Si tulisema tutajaza?"

"Nikiukosa je? Huu uko mkononi, Madam."

"Baba anajua?"

"Hajui. Nimemwambia sherehe ni ya wanafunzi tu."

Hapo ndipo Candida alipotakiwa kusema hapana. Alikuwa na sauti, alikuwa na cheo, na mtoto alikuwa amesimama mbele yake. Badala yake alifungua mkoba, akajifanya anatafuta funguo za gari, akazipata, akaenda zake. Usiku hakula. Alijiona mchafu, akaoga mara mbili, na hakuona tofauti.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mbele alikaa Profesa Elimringi na suti yake, na pembeni yake Bi Vicky, mwakilishi wa mfuko, mama wa makamo mwenye manukato yaliyofika kabla yake. Hakuwa mtu mbaya Bi Vicky, na hilo Candida alilihesabu kama balaa jingine, maana Brightness aliposimulia ajali ya basi iliyomuua baba yake, mama wa watu alilia machozi ya kweli. Ummy akasimulia mama yake alivyodondoka kwa presha jikoni. Bi Vicky akalia tena. Benjamini, ambaye wazazi wake walikufa kweli, alisema sentensi nne tu, macho makavu, akashuka. Ridhiwani alitikisa kichwa kwa kutoridhika, na Candida alitamani kumtemea mate.

Zulekha alipopanda, mlango wa nyuma ulifunguliwa. Akaingia Bakili.

Alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, na juu yake koti la kahawia ambalo bila shaka lilitoka kwenye belo la kwanza la mwezi ule. Jirani yake wa meza pale Mchikichini, ambaye mwanawe alipita Ngazi zamani, alikuwa amemwambia kwamba mzazi asiyekwenda kumkabidhi mwanawe ni sawa na aliyemtelekeza. Basi amekuja kumkabidhi wake. Viti vilikuwa vimejaa, akasimama ukutani, akampungia binti yake mkono.

Zulekha alimwona. Akanyamaza, na safari hii hakuhesabu mpaka tatu, alinyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa. Ridhiwani, mjinga yule, alimnyooshea kidole gumba kwa furaha na kumwashiria mpiga picha asogee. Zulekha akafumba macho. Akasema yote, kifua, hospitali, kaburi, jina la baba yake na soko alilouzia viatu, bila kuruka hata neno.

Watu wa viti vya nyuma walimwona Bakili akishika ukuta. Ridhiwani alimwona pia, lakini alimwona kwa jicho la biashara, mzee mnyonge mwenye kanzu. Akashuka na kipaza sauti.

"Mzee wangu, naona umeguswa sana. Wewe ni nani wa Zulekha?"

Candida alishika ukingo wa kiti. Bakili alimtazama binti yake jukwaani. Akaisoma polepole lile bango kubwa lililotundikwa nyuma yake: TUWAINUE YATIMA WETU. Alimtazama Bi Vicky na leso yake, akamtazama Profesa. Mtu aliyeuza viatu miaka ishirini anajua kumpima mteja kabla hajafungua kinywa.

"Mimi ni baba yake mdogo," alisema. "Marehemu alikuwa kaka yangu. Tumbo moja."

Ukumbi ulipiga makofi. Makofi! Ridhiwani hakuamini bahati yake. Alimshika Bakili bega, akamleta mbele, akasema kwa kuwa ndugu wa marehemu yupo, basi wote wasimame na yeye aongoze dua. Watu mia mbili wakasimama. Bakili akafungua viganja vyake, vyenye kucha zilizoingia weusi wa dawa ya viatu usiotoka, akamsomea fatiha Bakili wa Newala, taratibu, bila kukosea, akamwombea kwa Mungu amlaze mahali pema na ampe nuru kaburini. Candida ni Mkatoliki, lakini uchuro anaujua. Mtu haitiwi mauti akiwa hai, seuze ajiitie mwenyewe. Alisikia jasho likimtiririka mgongoni, na bado alikuwa amesimama na wenzake, kichwa ameinamisha, mtu mzima hovyo.

Baada ya sherehe wageni wakubwa walipelekwa chumba cha nyuma kunywa chai. Bi Vicky alimwita Bakili akae karibu yake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba wadogo wa namna yako siku hizi ni wachache," alimwambia. "Wengi wanagombania nyumba ya marehemu tu. Zulekha tunamchukua, baba. Miaka yote ya udaktari. Kimebaki kitu kidogo, nakala ya cheti cha kifo, iingie kwenye faili kabla ya Ijumaa."

"Hicho tutakishughulikia sisi," Ridhiwani aliwahi kusema.

"Hapana, msihangaike," alisema Bakili. "Sisi hatukuchukua cheti, si unajua mambo ya msiba. Ila nielekezeni tu, kinaombwa ofisi gani? Nitakwenda mwenyewe."

Aliuliza kwa upole, kama anayeulizia kituo cha kushuka. Candida alikuwa na sambusa mdomoni. Haikwenda mbele wala nyuma. Aliitema kwenye karatasi ya kufutia mikono, mbele ya wote, akaiweka juu ya meza.

"Bi Vicky," alisema, "marehemu ndiye huyo uliyemshika mkono."

Bi Vicky hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliuachia mkono wa Bakili kwa haraka, kana kwamba kweli ulikuwa wa maiti. Profesa Elimringi alianza kusema kwamba Mama Candida amechoka, hakulala vizuri. Lakini Bi Vicky alikuwa anamtazama Bakili, na Bakili hakuwa fundi wa kusema uongo mara ya pili.

"Ni kweli, mama. Ni mimi."

"Na wale wengine?"

Profesa alitazama kikombe chake. Bi Vicky alichukua mkoba wake. Alisema mfuko unasimamisha nafasi zote nne mpaka uchunguzi uishe, na alipoulizwa na Candida kama hata ya Benjamini, alijibu kwamba sasa atajuaje Benjamini ni nani. Akaondoka, manukato yakabaki. Profesa alimsogelea Candida mpaka akasikia pumzi yake ya chai ya tangawizi.

"Jumatatu saa tatu uniletee funguo za ofisi. Mpango huu huongozi tena."

Candida aliwakuta baba na mwana nje, upande wa viwanja, wakielekea njia ya Mchikichini kwa miguu. Zulekha aligeuka kabla hajaitwa.

"Umemfufua baba, Madam, ukanizika mimi."

"Zulekha! Huyo ni mwalimu wako," Bakili alimkemea. Kisha akamgeukia Candida, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne hakutabasamu. "Mwalimu, wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu jana mchana."

"Basi siku ya kusema ilikuwa jana. Jana ungesema, mimi nisingejisomea fatiha. Leo nilikuwa nimeshakufa na nimeshazikwa, na mwanangu ameshapata. Ulisema leo kwa sababu moyo ulikuwa unakuchafuka. Umetapika, umepata nafuu. Sisi ndio tumetapikiwa."

Candida aliona aibu mpaka masikio yakawasha.

"Na wale wenzake," Bakili aliuliza, "wazazi wao wamekufa kama nilivyokufa mimi?"

"Benjamini ndiye yatima kweli. Brightness na Ummy, hapana."

"Wanakaa wapi?"

Akamwambia. Bakili aliitikia kwa kichwa, akamshika binti yake mkono, wakavuka barabara.

Jumatatu Candida alifika ofisini mapema, saa moja na nusu, akiwa na boksi tupu la kubebea vitu vyake. Alikuwa ameshapanga maneno ya kukabidhi funguo, machache na ya heshima. Alipopanda ngazi alisikia watu wanazungumza. Kwenye benchi lililo mbele ya mlango wake alikaa Bakili, na pembeni yake mwanamume mnene mwenye ovaroli la mafuta ya gari na mwanamke mwenye kitambaa cha jikoni bado begani. Zulekha, Brightness, Ummy na Benjamini walikuwa wamesimama wamejipanga ukutani na mafaili yao.

"Shikamoo, Madam," watoto walisalimia pamoja. Zulekha alisema pia, ingawa aliangalia chini.

"Marahaba."

"Mwalimu, hawa ni wenzangu," alisema Bakili. "Huyu Mzee Elibariki, anauza spea Gerezani, ni baba yake Brightness. Alikufa ajali ya basi."

"Mwaka juzi Desemba, eti!" Elibariki alifoka. "Desemba hiyo nilikuwa Machame nachinja mbuzi, na huyo marehemu ndiye aliyelipa mbuzi!"

"Na huyu ni mama yake Ummy. Presha."

"Presha sina," alisema yule mama. "Ila tangu juzi naona inakuja."

"Benjamini hana wa kumleta, nimemleta mimi," Bakili aliendelea. "Sasa tumeuliza. Dirisha la mkopo wa serikali linafungwa Jumapili. Kwenye fomu wanataka mzazi, kitambulisho chake, barua ya serikali ya mtaa. Vyote tunavyo hapa. Kujaza ndiyo hatujui. Wewe unajua. Kwa hiyo hatuondoki."

"Mimi kazi hii nimeshaondolewa," Candida alisema. "Saa tatu natakiwa nirudishe funguo."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa moja na dakika arobaini."

"Basi fungua."

Akafungua. Aliwasha kompyuta, akavuta viti, akaliweka boksi chini ya meza. Mama Ummy alitaka aanzwe yeye kwa sababu ameacha wali motoni kwa mdogo wake, na mdogo wake haaminiki kwa wali. Candida alisoma kila mstari kwa sauti kabla ya kuujaza, na kila aliposoma aliuliza kama ni kweli. Jina la mzazi. Kazi ya mzazi. Mzazi yu hai au amefariki. "Hai!" mama yule alijibu kwa nguvu, mpaka Elibariki akacheka. Hapakuwa na uhakika wa kupata. Mkopo huo unaombwa na wengi, na Candida aliwaambia hivyo wazi, hakuwapamba. Kichefuchefu hakikuwa kimemtoka. Kilikuwa kimekaa pale pale, ila sasa mikono ilikuwa na kazi.

Walikuwa kwenye fomu ya tatu, ya Zulekha, mlango ulipogongwa. Ilikuwa saa tatu kamili na mhudumu wa ofisi ya Profesa alikuwa amekuja kuchukua funguo. Candida alianza kuinuka. Bakili alimwekea mkono begani akamkalisha, akaenda mwenyewe, akaufungua mlango kiasi cha uso kupita.

"Rudi umwambie Profesa asubiri," alisema. "Humu ndani kuna maiti watatu, na hatujamaliza kufufuka."